Historia ya kushuka: kinga ya makala, mlima wa California na mteremko wa kuingia Kolwezi

Habari ya leo inaanzia kando ya barabara, saa kumi na moja alfajiri. Ukisimama pale wanapoingilia wabeba makala wanaokuja Kolwezi, utawasikia kabla ya kuwaona. Kwanza ni soli za viatu zikikwaruza changarawe, kisha mlio wa chuma kikavu, halafu kikohozi. Baadaye gizani linatokea kitu kikubwa kama nyumba ndogo. Ni magunia ya makala yaliyopangwa na kufungwa kwa kamba juu ya baiskeli, na nyuma yake yuko mtu.

Wiki chache zilizopita nilikuwa hapo wakati kijana mmoja alipoanguka. Familia yake ilikimbia vita vya Kivu na sasa wanakaa kwa ndugu hapa mjini. Kinga ilikuwa ya kukodi, na magunia yalikuwa ya mtu mwingine. Alipofika kichwani mwa mteremko hakusimama. Mzigo ulimvuta, akakimbia nao hatua kumi hivi, kisha gurudumu la mbele likapinda na vyote vikaenda mtaroni. Yeye alitoka na goti lililochunika. Magunia mawili yalipasuka, na makala yakageuka unga. Hasara ile, kwa hesabu yake mwenyewe, ilimla kazi ya wiki nzima.

Baba mmoja wa kazi hiyo, mwenye mvi, aliegemeza kinga yake kwenye mti akaja kumsaidia kufunga upya.

“Mwana, nani alikufundisha kushuka?”

“Hakuna, baba. Nilifikiri kupanda ndiyo kazi. Kushuka nilifikiri hakufundishwi.”

Mzee hakumjibu, aliendelea kukaza kamba. Lakini neno la yule kijana lilinifuata hadi nyumbani, kwa sababu watu wengi hufikiri hivyo. Tunasifu anayepanda. Anayeshuka tunamwona kama mtu anayepumzika. Historia ya baiskeli, hapa kwetu na mbali, inasema kitu tofauti kabisa.

Tuanze na jina. Hapa Katanga wengi husema kinga. Neno hilo ni ndugu wa incinga ya Kibemba na njinga ya Kichewa, na undugu huo unatuonyesha upande ambao jambo hili lilitokea: kusini, kwenye njia ileile ya reli. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na treni kutoka Rhodesia ikafika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Pamoja na mashine, unga na watu wa kuajiriwa, zikaja baiskeli. Kolwezi yenyewe ilianza kupangwa kama mji wa migodi mwaka 1937. Katika mji wa namna hiyo, mwenye kinga alikuwa mtu. Wazee wetu wanakumbuka baiskeli za Kiingereza za chuma kizito, zenye freni za vyuma virefu vinavyotoka usukanini hadi kwenye rimu. Ilikuwa mali ya kupigia picha, iliyopanguswa Jumapili, na iliyombeba baba kwenda kazini na mama kwenda sokoni.

Hiyo kinga ya heshima iligeuka kinga ya mzigo lini? Kwa sehemu kubwa, Gécamines ilipoanguka. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ulibomoka. Mwaka 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, wakajaa kwenye vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi wakiwa na vitanda na masufuria yao. Wengi walikuwa mafundi ambao kampuni haikuweza kuwapatia mbadala. Kufikia mwaka 1994 shaba ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000. Mishahara ikakatika. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Mtu aliyeendesha mashine kubwa alibaki na nini mkononi? Jembe, sururu, na kinga.

Hapo ndipo baiskeli ilipogeuka kamyo yetu. Ilibeba mahindi kutoka mashambani. Ilibeba magunia ya mawe ya shaba na kobalti kutoka kwenye mashimo ya wachimbaji wa mikono hadi kwenye depo za wanunuzi, kama zile za Musompo. Na ilibeba makala, zaidi ya kitu kingine chochote. Jambo hili huwa linanichekesha na kuniudhi pamoja. Tuna mabwawa ya Nzilo na Nseke karibu nasi, yaliyojengwa miaka ya 1950. Tuna waya za umeme zinazotoka Inga hadi hapa Kolwezi, karibu kilomita 1,700, zilizokamilika mwaka 1982. Lakini chakula cha jioni katika nyumba nyingi kinapikwa na makala iliyosukumwa kwa mikono ya mtu.

Kazi hiyo imeshaonekana duniani. Mwaka 2017 filamu ya Mfaransa Emmanuel Gras, yenye jina la “Makala”, ilipata tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki kule Cannes. Inamfuata kijana wa kijiji kilicho kama kilomita 50 kutoka Kolwezi. Anaangusha mti, anachoma, anafunga magunia juu ya kinga, kisha anasukuma siku kadhaa hadi mjini. Watazamaji wa Ulaya waliona mtu anayeteseka kupanda. Mimi nilipoiona, macho yangu yalibaki kwenye mikono na miguu yake kila barabara ilipoinama. Aliyekulia hapa anajua kwamba hapo ndipo mzigo unapoweza kukuua.

Kwa nini? Hesabu yake si ngumu. Baiskeli ikishuka bila kuzuiwa kutoka juu hadi mita 10 chini, urefu wa nyumba ya ghorofa tatu hivi, itafika chini na kasi ya karibu kilomita 50 kwa saa, ukiacha kando upepo na msuguano. Ikishuka mita 20, kasi inakaribia 70. Mteremko hauhitaji kuwa mkali. Unaweza kuwa mrefu na mpole, ukifikiri kwamba uko kwenye tambarare. Na kasi ikiongezeka mara mbili, nafasi unayohitaji ili usimame inaongezeka mara nne, si mara mbili. Anayesubiri hadi aone kamyo mbele ndipo akaze freni amechelewa tangu juu.

Watu wa nchi zenye milima walijifunza hilo kwa maumivu. Burundi, vijana wanabeba ndizi kutoka Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, wakishuka hadi Bujumbura kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye mita 780 hivi. Ni kama kilomita 35 za kona juu ya kona. Kurudi juu, wengi hushika nyuma ya makamyo na kuvutwa, na wengine wamekufa hivyo. Kushuka, freni za mpira hazitoshi, kwa hiyo soli ya kiatu inakandamizwa kwenye tairi. Ukiona mtu mwenye sandali iliyoliwa upande mmoja, usiulize anafanya kazi gani.

Ndugu zetu wa Goma wana chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali. Ilianza kuonekana Kivu miaka ya 1970, na tangu mwaka 2009 ina sanamu yake ya rangi ya dhahabu katikati ya mji. Kutoka Kibumba, kwenye miteremko ya Nyiragongo, chukudu ilishuka na kabichi na viazi hadi sokoni. Dereva hupiga goti juu ya ubao, na mguu mmoja hukanyaga kipande cha tairi kuukuu kinachobana gurudumu la nyuma. Ninyi mliotoka huko mnaijua freni hiyo kuliko mimi. Nimeitaja ili vijana wetu wa hapa wasidhani kwamba mgeni aliyekimbilia kwao anakuja mikono mitupu. Amekuja na ujuzi wa kushuka, isipokuwa kwamba ni kwa chombo kingine na udongo mwingine. Hata Kasai, wale wabeba mizigo kwa baiskeli wanaoitwa bayanda wamevuka mamia ya kilomita za mchanga kwa ujuzi wao wenyewe.

Sasa nikupeleke mbali, kwa sababu kuna mahali ambapo watu waligeuza kushuka kuwa mchezo, na walipofanya hivyo waliandika kila kitu walichojifunza. Ni California, Marekani, karibu na mji mdogo wa Fairfax. Tarehe 21 Oktoba 1976 kikundi cha vijana kilipanga mashindano ya kushuka barabara ya vumbi yenye urefu wa kilomita 3.4 hivi, inayoporomoka karibu mita 400. Hawakuwa na baiskeli za mlima, maana hazikuwapo. Walitumia baiskeli kuukuu za miaka ya 1930, nzito, za tairi nene, ambazo watu walikuwa wakizitupa.

Freni yao ilikuwa ile ya ndani ya gurudumu la nyuma, unayofunga kwa kurudisha pedali nyuma. Wazee wetu waliiona pia aina hiyo. Kwenye mteremko ule chuma kilipata moto hadi grisi ikaungua na kutoka moshi. Wakifika chini, ilibidi wafungue gurudumu na kujaza grisi upya. Kwa Kiingereza kujaza upya huku ndiko kuliipa barabara ile jina lake, Repack. Mlima mzima umeitwa kwa jina la freni iliyoungua! Mkali wao, Gary Fisher, aliwahi kushuka kwa dakika 4 na sekunde 22.

Walijifunza nini? Kwanza, kwamba freni ya nyuma peke yake ni uongo kwenye mteremko. Unapofunga freni, uzito wa mtu na baiskeli unasukumwa mbele. Gurudumu la nyuma linakuwa jepesi, linateleza, linaanza kukupita. La mbele ndilo linalobaki limekanyaga ardhi, kwa hiyo ndilo lenye nguvu ya kukusimamisha. Lakini ukilifunga ghafla, utarushwa juu ya usukani. Kwa hiyo ni freni zote mbili, kwa vidole vyepesi, kidogo kidogo, bila kuruhusu gurudumu lolote lisimame kuzunguka.

Pili, mwili. Kiti kilichopandishwa juu kinasaidia kupanda, lakini wakati wa kushuka kinakusukuma kuelekea usukani. Walianza kusimama kwenye pedali zikiwa sawasawa, moja mbele na moja nyuma, visigino chini, magoti na viwiko vimelegea, nyonga zimerudi nyuma ya kiti. Joe Breeze, mmoja wao, alishiriki katikati ya miaka ya 1980 kutengeneza springi ya kushusha na kurudisha kiti bila kushuka kwenye baiskeli. Siku hizi hata waendeshaji wa cross-country, wanaohesabu kila gramu, wanakubali kubeba kiti kinachoshuka kwa kifungo. Wamekubali uzito kwa kupanda ili wapate usalama na kasi kwa kushuka.

Tatu, kona. Freni hufungwa kabla ya kona, baiskeli ikiwa imesimama wima. Ukiingia ndani ya kona na kasi kubwa na kukaza hapo, changarawe itakulaza. Na macho hayaangalii tairi. Yanaangalia pale unapotaka kutokea.

Mmoja wa wale waliotengeneza fremu za kwanza za baiskeli za mlima, mwaka 1979, anaitwa Tom Ritchey. Mwaka 2005 alifika Rwanda. Najua kwamba kwa wengi wenu mliotoka Goma na Bukavu jina la nchi hiyo ni kidonda, hasa tangu Januari 2025. Nalitaja kwa sababu historia hii ilipita huko, na mtu nitakayemsema naye alikuwa mtoto aliyeponea vita. Ritchey aliona wakulima wakibeba kahawa kwenye baiskeli za mbao, wakishuka vilima kwa namna ambayo yeye na wenzake walidhani waliivumbua. Akatengeneza baiskeli ndefu ya kubebea kahawa, mkia wake umevutwa nyuma ili mzigo ukae chini na usimwinue mwendeshaji. Mwaka 2006 yakaandaliwa mashindano, ambamo baiskeli za mbao nazo zilishindana. Kutoka hapo ikazaliwa timu ya taifa.

Kijana mmoja wa timu ile ni Adrien Niyonshuti. Alizaliwa mwaka 1987. Mwaka 1994, akiwa na miaka saba, alipoteza ndugu zake sita katika mauaji ya kimbari. Mwaka 2012 alibeba bendera ya nchi yake kwenye Olimpiki ya London, na tarehe 12 Agosti akaanza mbio za cross-country za baiskeli ya mlima pale Hadleigh Farm. Ile ni mizunguko ya kupanda na kushuka juu ya mawe makubwa yaliyopangwa makusudi. Jaroslav Kulhavý wa Ucheki alimshinda Nino Schurter wa Uswisi kwa sekunde moja. Niyonshuti alimaliza wa 39. Kuna watakaosema nafasi ya 39 ni nini. Mimi nasema muulize aliyefunga magunia kwenye kinga isiyo na freni kama angeweza kushuka mawe yale mbele ya ulimwengu mzima.

Mfano mwingine unatoka kwenye Olimpiki iliyofuata kwa miaka, ile ya Tokyo, Julai 2021. Mathieu van der Poel wa Uholanzi, mmoja wa waendeshaji wakali kabisa duniani, alifika kwenye jiwe lenye kuporomoka. Siku za mazoezi paliwekwa ubao wa kushukia. Siku ya mashindano ubao uliondolewa. Yeye aliamini upo, akaenda kama mtu anayeteremka ubaoni, akaanguka vibaya, na mashindano yake yakaharibika. Tom Pidcock wa Uingereza akachukua dhahabu.

Nilipomsimulia yule baba wa makala habari hiyo alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaniambia kitu ambacho nimekuwa nikikitafuta vitabuni bila kukipata: mteremko wa jana si wa leo. Mvua ya usiku imechimba mfereji mahali ambapo jana palikuwa sawa. Kamyo la mgodi limeacha jiwe. Tingatinga limepita na kumwaga changarawe mpya ambayo bado ni kama mahindi sakafuni. Kwa hiyo yeye husimama kichwani mwa kila mteremko, hata ule alioshuka miaka 20. Huegemeza kinga, hutembea hatua chache bila mzigo, huangalia, ndipo hurudi.

Nilimwomba anionyeshe mengine. Sehemu yanalingana na ya California, sehemu hayalingani kabisa, na tofauti hiyo inafaa ieleweke.

Mwendeshaji wa mashindano yuko juu ya baiskeli, na uzito mkubwa ni mwili wake. Anaweza kuusogeza nyuma kwa sekunde moja. Mbeba makala yuko chini, na uzito mkubwa ni magunia, yasiyosogea. Basi uamuzi wa wapi uzito ukae hufanyika asubuhi wakati wa kufunga. Magunia mazito yanashuka chini karibu na ekseli, mepesi yanakaa juu, na mzigo wote unaegemea nyuma kidogo. Aliyepanga juu sana atayumba. Aliyepanga mbele sana atasukumwa na kinga yake mwenyewe, kama kijana wetu. Faida iliyopo ni kwamba gurudumu la nyuma likibeba mzigo linakamata ardhi vizuri kuliko la baiskeli tupu. Freni ya nyuma, ambayo kwa mwanamchezo ni dhaifu, kwa mbeba mzigo ina thamani, kama ipo.

Mara nyingi haipo. Freni ni mwili wa mtu. Mkono mmoja uko kwenye usukani au kwenye fimbo iliyofungwa hapo ili kuurefusha, mwingine kwenye mti uliosimamishwa nyuma ya kiti. Kwenye kupanda anasukuma kwa bega. Kwenye kushuka anageuka kuwa nanga: anarudi nyuma ya mzigo, anainamisha mwili kinyume na mteremko, anakanyaga kwa kisigino, hatua fupi fupi. Hatua ndefu humfanya akimbie, na akianza kukimbia amekwisha. Anapita upande wa mlima, si upande wa bonde, ili ikimshinda kinga ianguke mbali naye au ilale kwenye ukingo. Na ikimshinda kweli, anaachia. Hilo la mwisho mzee alilirudia mara tatu. Vijana huona aibu kuachia mzigo wa mtu, wanang’ang’ania hadi wanaburutwa chini ya makamyo.

Kuhusu mvua: rimu za chuma, zile za kinga zetu nyingi, zikilowa mpira wa freni unateleza juu yake kama sabuni. Wenye freni huanza kuigusa kidogo mapema, kabla ya mteremko, ili ikaushe maji. Ukisubiri hadi uihitaji, utabana na hakuna kitakachotokea kwa mizunguko kadhaa ya gurudumu. Kiangazi kina adui mwingine, vumbi la makamyo, ambalo humfanya dereva asikuone wala wewe usimwone. Hapo hakuna ufundi. Unatoka pembeni na kungoja litulie.

Huwa najiuliza kwa nini vijana wachache wa Fairfax, waliokuwa wakicheza, waliacha kumbukumbu ya tarehe, dakika na sekunde, na sisi tulioshuka kwa sababu ya unga wa watoto hatuna hata ukurasa mmoja. Nadhani sehemu ya jibu ni aibu. Kusukuma kinga kunaonekana kazi ya aliyeshindwa, na hakuna anayeweka kumbukumbu ya kushindwa kwake. Baba wa Gécamines aliyelazimika kufunga makala hakutaka mwanawe ajifunze, alitaka asome. Kwa hiyo ujuzi ulikaa kimya katika visigino vya wazee, na kila wimbi jipya la watu waliofukuzwa au kukimbia, wa Kasai, wa Kivu, hata waliohamishwa kutoka Kasulo pale mashimo ya kobalti yalipozungushiwa ukuta, wanaanza upya kwa kuanguka. Mwanamchezo anayeanguka huenda kwa daktari wa timu. Wa kwetu anaamka akiwa na deni la magunia.

Siku ya tatu baada ya ajali nilirudi pale alfajiri. Kijana alikuja nyuma ya yule baba, magunia manne tu, yamefungwa chini. Kichwani mwa mteremko wote wawili waliegemeza kinga zao. Walishuka mikono mitupu hadi katikati, mzee akionyesha kwa kidole mfereji mpya upande wa kushoto, wakarudi juu. Kamyo lilipita na vumbi lake, wakangoja. Kisha mzee akatangulia, na kijana akahesabu hadi ishirini kama alivyoambiwa, akakanyaga kisigino, akaanza.

Ilimchukua karibu dakika saba kufika chini. Makala yote ilikuwa mahali pake.